Wanatafuta watu wa kujitolea kwenye utafiti wa dawa au chanjo? Soma hii kabla hujatia sahihi

Siku hizi matangazo ya utafiti yamekuwa mengi, unayakuta yamebandikwa ukutani kliniki ya kisukari, unayasikia redio ya jamii, mengine yanazunguka tu kwenye magrupu ya wasapu, wanatafutwa watu wenye presha, wenye sukari, waliomaliza dozi ya kifua kikuu, wasichana wa umri fulani, watoto wachanga, hata watu wazima wazima kabisa wasioumwa kitu. Na maswali yanayofuata ni yale yale: ni kweli hii? wanalipa? nikiingia nitapona? si wanataka kutujaribia tu? Nimefanya kazi miaka na timu zinazopita nyumba kwa nyumba kueleza tafiti za namna hii, nimekaa sana kwenye mikeka ya watu nikisoma fomu kwa sauti huku mtoto analia na chungu kiko jikoni, kwa hiyo hapa naongea na mtu ambaye tangazo analo mkononi sasa hivi na hajui aanzie wapi.

Anza na hili, maana wengi wanalipita haraka. Utafiti sio matibabu. Daktari wako wa siku zote akikuandikia dawa anakuangalia wewe na shida yako. Utafiti unatafuta jibu la swali, na ili jibu liwe la kweli watu wanagawanywa makundi, na anayegawa sio daktari wala nesi, ni kompyuta inachagua kwa bahati nasibu. Mara nyingi wewe hujui uko kundi gani na hata anayekuchoma sindano hajui. Nimeshaona watu wanaitikia "ndio, nimeelewa" kwenye kila ukurasa, halafu mwisho ukiwauliza kwa hiyo unaingia kwa ajili gani, wanakujibu "nipate dawa mpya". Sasa hiyo dawa mpya unaweza ukaipata na unaweza usiipate, na ukiipata inaweza isiwe nzuri kuliko ya zamani, ndio sababu inafanyiwa utafiti, ingekuwa inajulikana wangeshaigawa hospitali.

Nikupe mfano wa karibu. Ile chanjo ya malaria ya RTS,S ilijaribiwa mwaka 2009 hadi 2014 kwa watoto 15,459 kwenye nchi 7 za Afrika, na kwetu huku Tanzania ilikuwa Bagamoyo na Korogwe, Kenya ilikuwa Kilifi, Kombewa na Siaya. Kundi la kulinganishia halikuachwa hivi hivi, watoto wakubwa kidogo (miezi 5 mpaka 17) walichanjwa kichaa cha mbwa, wale wachanga wakapewa chanjo ya homa ya uti wa mgongo. Kwa hiyo mama aliingia utafiti wa malaria, mtoto akatoka na kinga ya kichaa cha mbwa, na hakuna aliyemdanganya, iliandikwa kwenye fomu tangu siku ya kwanza. WHO wakaja kuipendekeza RTS,S Oktoba 2021. Watoto waliopata ile ya mbwa nao wameleta hilo jibu, maana bila wao usingejua chanjo imepunguza malaria au ni mwaka tu ule mvua zilikuwa chache.

Na usidhani kila utafiti kuna watu wanapewa dawa ya bandia. Kama ugonjwa unaua na dawa ya kusaidia ipo, kumpa mtu kidonge kitupu ni dhambi na kamati ya maadili, yaani wale wanaokagua utafiti kabla haujaanza ili washiriki wasiumizwe, haitapitisha. Wakati wa Ebola kule Kivu Kaskazini, Kongo, kuanzia Novemba 2018, Beni, Butembo, Katwa na Mangina, wagonjwa waligawanywa kwenye dawa 4 na kila mmoja alipata mojawapo, hakuna aliyepewa maji. Agosti 2019 bodi ya usalama ilipoangalia takwimu ikaona dawa 2 zinaokoa watu zaidi, kugawa zile nyingine mbili kukasimamishwa hapo hapo. Hiyo bodi ndio kitu cha kuulizia kwenye utafiti wowote mkubwa, ni watu wa nje wasio wa timu, wanaruhusiwa kuona nani amepata nini wakati wengine wote wamefichwa, na wana nguvu ya kusema simama.

Sasa unapata wapi utafiti, na unajuaje ni wa kweli

Njia rahisi ni kuuliza pale pale unapotibiwa. Kliniki za HIV, TB, saratani na kisukari kwenye hospitali kubwa mara nyingi ndio zinajua nani anaandikisha sasa hivi. Vituo vyenyewe havijajificha, Tanzania kuna Ifakara Health Institute wana tawi Bagamoyo, kuna NIMR, taasisi ya taifa ya utafiti wa tiba, ambao Mbeya na Mwanza wamefanya tafiti kubwa sana, kuna hospitali ya KCMC Moshi. Kenya kuna KEMRI, taasisi yao ya utafiti wa tiba, ya Kilifi na ya Kisumu ndio zinasikika zaidi, Nairobi chuo kikuu wana kituo cha utafiti kinaitwa KAVI, Eldoret wapo. Uganda wapo wengi Kampala na Entebbe.

Kama una bando, kuna sajili mbili za bure ambazo mtu yeyote anafungua. Moja ni ClinicalTrials.gov ya Marekani, nyingine ni ya Afrika inaitwa PACTR. Unaandika ugonjwa na nchi, zinakuja tafiti. Utafiti ulioandikwa "Recruiting" ndio bado unapokea watu, uliofungwa umefungwa usijisumbue kupiga simu. Kila utafiti una namba yake, ya Wamarekani inaanza na NCT, na hapa ndio sehemu muhimu: kama mtu amekuletea tangazo la kujaribu dawa au chanjo, muombe namba ya usajili. Mtu wa utafiti wa kweli anakupa bila hata kufikiri. Ukiona anazunguka zunguka, "bosi ndio anayo", "utaipata ukishajiandikisha", achana naye.

Halafu ulizia kibali. Tanzania utafiti wa afya unapita NIMR kwenye kamati ya taifa ya maadili, na ukiwa wa dawa au chanjo lazima upite na TMDA, mamlaka ya dawa. Zanzibar wana kamati yao. Kenya kuna kamati ya maadili ya taasisi, kuna NACOSTI, tume ya taifa ya sayansi, na wa dawa unapita Pharmacy and Poisons Board, bodi ya dawa na sumu. Uganda ni UNCST, baraza la taifa la sayansi, na NDA, mamlaka ya dawa. Huhitaji kukariri haya, kwenye fomu utakayopewa lazima kuwe na namba ya simu ya kamati ya maadili iliyopitisha huo utafiti, tofauti na namba ya mtafiti mkuu. Piga. Kweli kabisa, piga, uliza tu "utafiti huu mnaujua?" Watu wanaona aibu kupiga simu ofisi kubwa lakini ile namba imewekwa kwa ajili yako wewe, sio kwa ajili ya wazungu.

Dalili za matapeli nazo ziko wazi. Utafiti halali haukuombi hela, sio ya fomu, sio ya "kufungua faili", sio ya vipimo vya utafiti. Haukuombi namba ya siri ya simu. Haukuahidi utapona. Hauandikishi watu gesti au kwenye baa. Na haukuambii leo ndio siku ya mwisho amua sasa hivi.

Fomu ya ridhaa, hapa usiwe na haraka

Fomu ni ndefu, kurasa kumi na kitu kawaida, na watu wanaichoka. Lakini jua ilikotoka. Kule Tuskegee, Marekani, kuanzia 1932 wanaume weusi 399 wenye kaswende waliangaliwa tu ugonjwa unavyowala, hawakuambiwa wanaumwa nini, penisilini ikaja ikawa ndio tiba inayojulikana na bado hawakupewa, mpaka gazeti lilipofichua 1972 ndio ikaisha. Karatasi hii imelipiwa na watu kama wale. Kwa hiyo idai kwa lugha unayoielewa, kama Kiswahili chake kinakushinda waombe wakuelezee kwa Kigiriama, Kijaluo, Kisukuma, chochote mnachoongea nyumbani. Kama hujui kusoma unaweka dole gumba lakini lazima awepo shahidi wako asiye mtu wa timu, anayesikia yote yanayosomwa. Mpwa wako aliyemaliza form four anafaa kabisa.

Una haki ya kwenda nayo nyumbani. Nenda nayo. Muonyeshe mume au mke, dada, nesi unayemuamini mtaani, lala nayo. Timu nzuri itakwambia yenyewe.

Maswali ambayo mimi ningeyauliza hata kama yamo kwenye fomu, maana ukiuliza kwa mdomo mtu anajibu kwa lugha ya watu: Hii dawa imeshapewa watu wangapi kabla yangu? Awamu ya kwanza ni watu wachache tu, makumi hivi, wanaangalia usalama na kiwango cha dozi, ya pili ni mamia, ya tatu ni mamia mpaka maelfu, ya nne dawa imeshasajiliwa. Kuingia awamu ya kwanza na kuingia ya tatu sio kitu kimoja kabisa, na wengi hawaulizi. Kundi lingine linapata nini? Dawa zangu za sasa naendelea nazo? Nitakuja mara ngapi na kila safari inachukua muda gani, maana mtu wa sokoni akipoteza asubuhi amepoteza siku. Nikidhurika na dawa ya utafiti nani ananitibu, na bima iko wapi? Huku kwetu utafiti wa dawa lazima uwe na bima ya washiriki, kwa hiyo hilo sio swali la kiburi. Utafiti ukiisha na dawa ikionekana imefanya kazi, mimi nitaendelea kuipata au ndio kwaheri? Hili la mwisho liulize mara mbili, hasa wewe mwenye ugonjwa wa kudumu.

Na damu. Nani anachukua, kiasi gani, inaenda wapi. Pwani yote tunajua habari za mumiani, wazee wametukuza nazo, na nimeshafika nyumba mlango ukafungwa kwa sababu hiyo hiyo. Simlaumu mtu. Dawa ya hofu hii ni vipimo vya wazi: mwambie akuonyeshe vile vichupa kabla ya kuchoma, kile chenye kifuniko cha zambarau, kile chekundu, akwambie kila kimoja kinapima nini. Mililita 5 ni kijiko kimoja cha chai. Kama fomu inasema vijiko viwili na unaona vichupa vinaongezeka, sema ngoja, uliza.

Kuna kipengele kingine kinajificha mwishoni, cha kuhifadhi sampuli zako kwa tafiti za baadaye, wakati mwingine na kuzisafirisha nje ya nchi. Mara nyingi kina ndio na hapana yake peke yake. Unaweza kukataa hicho na bado ukaingia kwenye utafiti, wengi wanafikiri ukikataa kimoja umekataa vyote.

Siku ya uchunguzi wa awali

Kutia sahihi hakumaanishi umeingia. Utapimwa kwanza uone kama una vigezo: uzito, presha, mkojo, damu, wanawake kipimo cha mimba, tafiti nyingi na HIV pia pamoja na ushauri nasaha. Itakula nusu siku, beba chai yako na kitambulisho. Watu wengi wanakataliwa hapa na wanaondoka wamenyong'onyea kama wamefeli mtihani, wakati vigezo ni vya utafiti sio vya utu wako, labda ini limeonyesha namba ya juu kidogo, labda umri umepita mwezi mmoja. Ila kama wamekukuta na presha au kitu chochote usichokijua wanatakiwa wakwambie na wakuandikie rufaa, usiondoke bila hiyo karatasi.

Hapa ndio usifiche kitu. Sema dawa zote, na za kienyeji, ile mizizi ya mama mkwe, mwarobaini, virutubisho vya kwenye chupa, sindano ya uzazi wa mpango. Sema pia kama uko kwenye utafiti mwingine. Kuna watu wanaingia mbili kwa mpigo kwa sababu ya nauli, na dawa mbili zisizojulikana zinakutana kwenye ini moja, hakuna daktari atakayejua kilichokupata. Vituo vingine siku hizi wanachukua alama za vidole kuzuia hilo na wanafanya vizuri.

Hela

Tuongee wazi maana ndio swali la kwanza la kila mtu hata kama analiuliza mwisho. Utarudishiwa nauli, utapewa kitu kwa ajili ya muda wako, mara nyingine chakula. Sio mshahara. Kiasi kinapitishwa na kamati ya maadili na kinaandikwa kwenye fomu, kwa hiyo kama fomu inasema kiasi fulani na mkononi unapata pungufu, piga ile simu ya kamati, kuna mtu anakata hapo katikati. Kukitolewa hela nyingi sana kuliko kawaida ya eneo, kamati zinasita, sio kwa uchoyo, ni kwamba mwenye njaa atakubali hatari ambayo mwenye shibe angeikataa. Kilifi ilishaongelewa sana hii, kuna utafiti ambao watu wazima wenye afya wanaambukizwa malaria makusudi wakiwa chini ya uangalizi kisha wanatibiwa, wanakaa ndani siku nyingi kwa hiyo fidia ni kubwa, na watu wakabishana ni haki au ni kishawishi. Mimi naona kumlipa mtu muda wake ni haki. Lakini jiulize, wangekuwa hawatoi hata shilingi zaidi ya nauli ningeingia? Kama jibu ni hapana na hatari zenyewe hujazielewa, rudi kwenye fomu usome tena.

Ukishaingia

Kwenye chanjo baada ya sindano utakaa pale kama nusu saa wakikuangalia, usikimbilie bodaboda. Utapewa kadi ya kujaza, kipima joto, pengine na kirula kidogo cha kupimia uvimbe mkononi. Jaza kweli. Kama hukupima joto Jumanne usiweke 36.8 ya kutunga Jumatano asubuhi ili nesi asikugombeze, acha wazi na umwambie. Maudhi madogo madogo, kichwa, mkono kuuma, homa ya usiku mmoja, yote yaandike hata kama unaona ya kijinga, ni kutokana na hayo ndio itajulikana mtoto wa mtu mwingine atarajie nini. Ukiumwa sana piga namba ya timu ya utafiti inayopokelewa saa 24, na ukienda hospitali nyingine onyesha kadi ya utafiti ili wakuulizie ulichopewa.

Siri yako nayo ilinde. Kwenye makaratasi unakuwa namba sio jina, lakini gari lenye nembo likisimama mlangoni kwako kila wiki mtaa mzima unaanza kuhesabu. Kama ni utafiti wa HIV au kitu ambacho hutaki majirani wakijadili, waambie mapema mkutane sehemu nyingine, au waje na pikipiki bila koti lenye maandishi. Wanaweza, ukiwaambia.

Kutoka unaweza siku yoyote, bila sababu, na kliniki yako ya kawaida hairuhusiwi kukunyima huduma. Yeyote anayekutisha kwa hilo mshtaki kwa kamati. Ila usipotee tu kimya ukazima simu, na usikate dawa ghafla, nenda mara moja ya mwisho wakupime uko salama. Ulizia pia taarifa zako za nyuma zinabaki au zinafutwa, mara nyingi zilizokwishakusanywa zinabaki.

Kwa mtoto sahihi ni ya mzazi au mlezi wa kisheria, bibi anayelea wajukuu aulize kama anatambulika, na mtoto mkubwa kidogo anaulizwa na yeye, akisema hataki basi hataki. Mama mjamzito au anayenyonyesha soma mara tatu, na kama utafiti unataka usishike mimba kwa muda fulani ongea na mwenzako kabla, sio baada.

Walioko Marekani na Uingereza, mambo ni hayo hayo, muombe mkalimani wa Kiswahili wa hospitali na fomu iliyotafsiriwa, msikubali mtoto wenu wa darasa la saba ndiye awatafsirie. Uingereza kuna huduma ya Be Part of Research ya kutafutia tafiti.

Kuhusu faida, isiwe nimekutisha tu. Mwanza wasichana 930 wa miaka 9 hadi 14 waliingia kwenye utafiti wa chanjo ya saratani ya mlango wa kizazi, Kenya wanawake vijana 2,275 wakaingia mwingine, Thika, Kisumu na Nairobi, na kwa majibu ya tafiti kama hizo ikaonekana dozi moja inatosha badala ya mbili tatu. 2024 Tanzania ikahamia dozi moja. Uganda na Afrika Kusini wasichana na wanawake vijana 5,338 waliingia utafiti wa sindano ya lenacapavir ya kuzuia HIV, unachomwa mara mbili kwa mwaka, na kati ya 2,134 waliopata hiyo sindano hakuna hata mmoja aliyeambukizwa, Juni 2024 ikatangazwa. Hao ni mabinti wa watu waliopanda daladala na taksi wakaenda miadi yao.

Kwa hiyo ukimaliza miadi yako ya mwisho kabla hujaondoka hakikisha wana namba yako inayopatikana, na ya ndugu mmoja, na uwaulize matokeo yatatolewa lini na kwa njia gani, mkutano wa kijiji, meseji au simu. Waulize pia ni lini utaambiwa ulikuwa kundi gani. Inaweza kuchukua mwaka au zaidi. Ukiona kimya, wapigie wewe, na usipojibiwa unajua ile namba ya kamati ya maadili iko kwenye fomu yako, ndio maana nakala yako usiiache kwao, iweke pamoja na kadi za kliniki za watoto.